UZI: Sailensa ya kwanza ya bastola – kaliba, hesi, busta na duka la kuaminika (kwa tulio Marekani)

#1 – FundiHesi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walio Marekani kihalali na wanataka sailensa (kifaa cha kupunguza mlio) yao ya kwanza ya bastola. Nauanzisha kwa sababu moja: sailensa ikishasajiliwa kwa jina lako, hakuna kuirudisha dukani wala kubadilishana na jirani. Namba iliyochongwa kwenye mwili wake imefungwa na jina lako serikalini, na kuiuza kunataka fomu nyingine na kungoja upya. Ndiyo maana duka lichaguliwe kwa uzito uleule wa chombo chenyewe.

Sheria kwanza. Sailensa ziko chini ya NFA, sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 1934. Ushuru wake ulikuwa dola 200 tangu mwaka huo, ukakaa palepale miaka yote, mpaka sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilipoushusha hadi dola 0 kuanzia 1 Januari 2026. Kilichoshuka ni ushuru peke yake. Watu wamesikia "imefutwa" wakadhani usajili nao umekwenda. Haujakwenda. Bado ni Fomu 4 (ombi la kuhamishia umiliki kwako), bado alama za vidole, bado picha, bado nakala kwa sherifu au mkuu wa polisi wa eneo lako, na bado chombo kinakaa dukani mpaka ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, iidhinishe. Umri ni miaka 21 ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni.

Majimbo 42 yanaruhusu. Yasiyoruhusu ni California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island, pamoja na Washington DC. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lowell na Jersey City, huku ni kusoma tu. Walio Texas, Ohio au Minnesota (huko iliruhusiwa 2015) wako sawa.

Hadhi yako ya uhamiaji ni jambo la kuangalia kabla hujatoa hata senti. Mwenye green card anaruhusiwa, awe aliipata kwa bahati nasibu au kwa ndoa. Mwenye viza ya muda, kama F-1 ya masomo au H-1B ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi isipokuwa akiangukia kwenye vifungu maalum, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usibahatishe hapo, kamwone mwanasheria. Kosa la namna hii halikupotezei sailensa tu, linakupotezea na makazi.

Sasa chombo. Sailensa ni mafla. Aliyekipatia hataza chombo kilichofaulu sokoni ni Hiram Percy Maxim, 1909, mtoto wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha ambayo Lugard aliitumia kule Mengo, Januari 1892. Ndani ya mwili kuna visahani vyenye tundu katikati, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Gesi ya baruti inazungushwa kwenye vyumba hivyo, inapoa na kupoteza nguvu kabla haijatoka. Bastola ya 9 mm bila sailensa hupiga karibu desibeli 160. Sailensa nzuri hupunguza kati ya 25 na 35. Mpaka unaotajwa wa madhara ya papo hapo kwa sikio ni 140, kwa hiyo unashuka chini yake, lakini hufiki kwenye kimya cha sinema. Vikinga masikio vaa bado, hasa kwenye uwanja wa ndani ambako jirani yako anapiga bila sailensa.

Naachia wengine upande wa kaliba, yaani kipenyo cha risasi.

#2 – Columbus_Tz

Asante Mkuu. Kwa sailensa ya kwanza mimi nasema .22 bila kusita. Sababu ni za vitendo:

Bastola nyingi za .22 mtutu wake hauchezi wala hauinami, kama Ruger Mark IV. Hakuna busta (kifaa cha springi kinachousaidia mtutu kubeba sailensa), hakuna springi ya kuhangaikia, unafunga na kupiga. Risasi ni rahisi kuipata ya mwendo chini ya sauti: ile ya kawaida ya grini 40 (grini ni kipimo cha uzito wa risasi) inayoandikwa futi 1,070 kwa sekunde kwenye boksi imepimwa kwenye bunduki ndefu. Kwenye mtutu wa bastola wa sentimita 11 inatoka polepole zaidi, hivyo haipasui hewa. Unasikia nyundo, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) na risasi ikigonga shabaha. Bei nayo, nyingi ziko kati ya dola 300 na 500, wakati ya 9 mm au .45 nzuri huanzia kwenye 600 na kupanda.

Dead Air Mask ni mfano mzuri: sentimita 13 hivi, gramu chini ya 190, inafunguka yote kwa usafi. SilencerCo Sparrow ni nyingine, ile ambayo moyo wake umefungwa kwa magamba mawili ndani ya mwili ili uchafu usiugandishe. Kwa .22 jambo la kufunguka halina mjadala. Risasi ya .22 ni madini ya risasi (lead) matupu, mara nyingi haina koti la shaba, na inaacha madini ya risasi ndani kama masizi ya mkaa kwenye sufuria. Sailensa ya .22 isiyofunguka inajaa, inaongezeka uzito, na siku moja ni jiwe.

#3 – MamaShabaha

Columbus_Tz nakuheshimu ila sikubaliani kwamba .22 inamfaa kila mtu. Anayemiliki Glock tu na hana bastola ya .22 atalazimika kununua bastola nyingine ili aitumie sailensa. Huyo namshauri sailensa ya .45 yenye pistoni (kipande cha busta kinachofungwa kwenye hesi za mtutu) za kubadilisha, hata kama leo ana 9 mm peke yake.

Sailensa ya .45 inapitisha 9 mm bila shida. Tundu limekuwa kubwa tu, kwa hiyo utapoteza desibeli chache ukilinganisha na sailensa iliyotobolewa kwa 9 mm. Unachopata ni chombo kimoja kinachohudumia bastola zako zote kwa miaka, na kesho ukinunua ya .45 huanzi fomu upya. Rugged Obsidian 45 inagawanyika: ndefu ni karibu sentimita 22 na gramu 360, ukitoa kipande cha mbele inabaki sentimita 17 na gramu 300. Fupi inapiga kelele zaidi lakini bastola haipigi mbizi mbele mkononi.

Kinyume chake HAPANA. Sailensa ya 9 mm kwenye .45 ni chuma kilichopasuka na vidole vilivyo hatarini.

Na kuna mtego ambao duka nyingi hazimwambii mgeni: hesi ya mtutu wa .22 na ya 9 mm kwa Marekani ni ileile, kipenyo nusu inchi kwa hesi 28 kila inchi. Maana yake sailensa ya .22 inaingia vizuri kabisa kwenye mtutu wa bastola ya 9 mm, inakaza, inakaa kama imezaliwa hapo. Risasi ya 9 mm ina kipenyo cha milimita 9, tundu la sailensa ni la risasi isiyofika milimita 6. Kwa mwenye vyote viwili: rangi tofauti ya mkanda kwenye mwili wa sailensa, mkoba tofauti, na usizifunge zote siku moja kwenye meza moja.

#4 – Kijana_wa_Tanga

Nina swali wakuu. Bastola ni Glock 19 yenye mtutu mrefu wa kiwandani uliokatwa hesi. Duka linasema pistoni yoyote ya 9 mm inafaa. Ni kweli?

#5 – FundiHesi

Si kweli, na jibu hilo pekee linatosha kukuhamisha duka.

Mitutu ya Glock ya 9 mm inayotoka kiwandani na hesi ni ya vipimo vya Ulaya: milimita 13.5, hatua ya milimita 1, hesi ya kushoto. Unaifunga kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea. Mitutu ya makampuni ya Marekani ya kubadilisha kwenye Glock hiyohiyo huwa nusu inchi kwa 28, hesi ya kulia. Ukishika mtutu mkononi huwezi kujua kwa macho tu, maana nusu inchi ni milimita 12.7, tofauti haifiki hata milimita moja. Soma maandishi ya mtutu au boksi lake, na ukikosa, pima kwa kalipa kisha geuza kofia ya hesi uone inafunguka upande gani.

Kwa .45 hali ni hiyohiyo: mitutu ya Marekani ni .578 kwa 28, mitutu ya HK ni M16 hatua 1 ya kushoto.

Usijaribu "kulazimisha kidogo." Hesi ya kushoto haikamati ya kulia, lakini mtu akiwa na nguvu na haraka huivua hesi za mwanzo, sailensa inakaa upande, na risasi ya kwanza inagonga kisahani. Pistoni yenyewe ni dola 80 hadi 100. Habari njema ni kwamba pistoni, springi na vifungio vyake si sehemu za sailensa kisheria, kwa hiyo unanunua zozote, wakati wowote, bila fomu. Visahani ni tofauti kabisa. Kisahani kimoja cha ziada kwenye droo ya mtu wa kawaida kinahesabiwa kama sailensa isiyosajiliwa. Kikiharibika, chombo kinakwenda kwa mtengenezaji mwenye leseni.

#6 – Kijana_wa_Tanga

Nimekuelewa kaka. Na hii busta inafanya nini hasa? Kwa nini ya .22 haina?

#7 – NyukiWaMlima

Niichukue hii.

Bastola nyingi za 9 mm na .45 mtutu wake unajifunga na slaidi. Risasi ikitoka, mtutu na slaidi vinarudi nyuma pamoja milimita chache, halafu mtutu unainama nyuma, unaachia slaidi, ganda linatupwa. Ukining'iniza gramu 300 mwishoni mwa mtutu, hauinami kwa wakati wake. Slaidi inakuwa nzito kama imefungiwa jiwe. Matokeo ni kwamba unapiga moja, ganda linakwama, unavuta kwa mkono.

Busta inautua mtutu mzigo huo. Ni pistoni iliyofungwa kwenye mtutu, springi nyuma yake, na mwili wa sailensa unaoteleza juu ya hiyo pistoni. Gesi ikijaa, inausukuma mwili mbele wakati mtutu unarudi nyuma. Kwa kitambo kile kifupi mtutu haubebi uzito wa sailensa, unafungua kama kawaida, kisha springi inaurudisha mwili mahali pake. Bastola yenye mtutu uliokazwa kwenye fremu haina shida hiyo, ndiyo maana .22 haihitaji.

Namna ya kuijua busta nzima, bastola ikiwa haina risasi, magazini imetoka na chemba umeiangalia kwa macho na kwa kidole: shika bastola mkono mmoja, mwili wa sailensa mkono mwingine, vuta mbele. Usikie springi ikikataa, kisha ukiachia irudi kwa mlio mkavu. Ikirudi polepole kama mlango wenye kutu, kaboni imeganda. Fungua kofia ya nyuma, toa pistoni na springi, futa kaboni kwenye meno ya pistoni na ndani ya nyumba yake, paka grisi ya joto kali nyembamba kama mafuta unayopaka mkononi, rudisha. Kila risasi 300 hadi 500 inatosha. Mbele ndani kwenye visahani hakuna haja ya kugusa mara kwa mara kwa risasi zenye koti.

Na ukitaka kuitumia sailensa hiyohiyo kwenye karabini (bunduki fupi) ya 9 mm yenye mtutu usiosogea, toa springi uweke kipande kigumu kinachouzwa kwa ajili hiyo. Springi kwenye mtutu usiosogea inapigwa nyundo bila kazi, mwili unacheza, na mwili unaocheza unaishia kugongwa.

Faida nyingine ya busta: nyingi zina meno yanayokuruhusu kuvuta mwili, kuuzungusha nafasi moja na kuachia. Ukifunga sailensa, mahali risasi inapogonga hubadilika kidogo. Piga tano, angalia kundi, zungusha nafasi moja, piga tano tena. Weka alama ya rangi pale kundi linaporudi karibu na shabaha yako.

#8 – Columbus_Tz

Naongeza risasi, maana hapo ndipo watu wanaposhangaa kwa nini sailensa ya dola 800 bado "inapasua."

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na 331 ikiwa nyuzi 0. Risasi inayozidi hapo inapasua hewa njiani na hakuna sailensa duniani inayozuia mlio huo. 9 mm ya grini 115 kwa kawaida inavuka. Grini 124 iko mpakani, na inayonyamaza Dallas mwezi wa saba inaweza kupasua Minneapolis mwezi wa kwanza. Grini 147, yaani gramu 9.5, hutoka karibu mita 300 kwa sekunde na iko chini muda wote. .45 ya grini 230 ni ya polepole kwa asili yake, hapo huna la kutafuta.

Mlio wa kwanza huwa mkubwa kuliko inayofuata kwa sababu ndani ya sailensa kuna hewa, na baruti inayoendelea kuungua inaikuta hiyo oksijeni. Kijiko kimoja cha chai cha maji ndani, karibu mililita 5, kinapunguza kwa magazini moja hivi. Kwanza soma kitabu cha mtengenezaji kama anaruhusu, na usizidishe.

#9 – MamaShabaha

Tuje kwenye duka, maana ndiko pesa inakopotelea.

Muuzaji halali wa sailensa anahitaji vitu viwili: leseni ya shirikisho ya silaha, FFL, na ushuru maalum wa kila mwaka wanaouita SOT. Vyote viwe hai. SOT inaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo ukinunua mwezi wa sita, uliza kama ameshalipia mwaka unaofuata. Akichelewa, chombo chako kinakwama kwenye vitabu vyake. Leseni unaihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya ATF inayoitwa FFL eZ Check kwa kuingiza tarakimu za leseni. Muuzaji mwaminifu anakupa nakala bila kununa.

Maswali ya kumuuliza ana kwa ana:

– Chombo kipo hapa dukani sasa hivi, kwa namba yake? "Kiko njiani" inamaanisha kwanza kisafiri kutoka duka hadi duka kwa Fomu 3, na Fomu 4 yako haianzi mpaka kifike. Ukinunua kwa duka la jimbo lingine ni lazima kipite kwa muuzaji wa jimbo lako kwanza, na huyo ana ada yake ya kupokea, mara nyingi dola 50 hadi 100. Ijumlishe kwenye bei kabla hujaona punguzo.
– Nikikataliwa na ATF, pesa inarudi yote au mnakata asilimia ngapi? Iandikwe kwenye risiti.
– Mnatoza kuhifadhi wakati wa kungoja?
– Mna uwanja? Naweza kuipiga hapahapa mbele yenu kabla ya idhini? Maduka mengi yenye uwanja yanaruhusu, na hiyo ni thamani kubwa.
– Nani anajaza fomu ya mtandaoni, na nani anachukua alama za vidole kielektroniki?

Kisha jambo ambalo ndilo kipimo changu cha duka: mwombe afungue boksi mbele yako kabla hujasaini chochote. Muuzaji makini atafanya hivi: atatoa sailensa, ataiweka kwenye kitambaa chini ya taa, atakusomea namba kutoka kwenye chuma huku wewe unaisoma kwenye fomu, herufi kwa herufi. O na 0, B na 8, hapo ndipo makosa yanapoingia. Halafu atakupa uangalie ndani dhidi ya mwanga: matundu ya visahani yaonekane kama duara moja ndani ya jingine, hakuna lililo upande. Utaangalia hesi za nyuma, busta, na kama pistoni iliyomo ni ya mtutu wako. Ukikuta kasoro hapo, chombo ni chake bado. Ukiikuta baada ya idhini, ni chako na namba yako, na njia iliyobaki ni ya dhamana ya mtengenezaji.

Duka likikuharakisha hapo, ondoka. Nasema kwa moyo wote.

#10 – Dada_Minneapolis

Dada, asante kwa hilo la namba. Naomba ufafanuzi: jina binafsi au trasti? Mume na mke wote wanapiga shabaha.

#11 – MamaShabaha

Kwa mume na mke, trasti. Ukisajili kwa jina lako binafsi, mwenye haki ya kukaa nayo ni wewe. Mwenzako anaweza kuipiga ukiwa pembeni, lakini ukisafiri ukaiacha kwenye kabati ambalo yeye ana ufunguo wake, tayari ni tatizo la kisheria kwake. Trasti inaweka watu kadhaa kama wahusika, na kila mmoja anaimiliki kihalali bila wewe kuwepo.

Gharama yake ni karatasi: kila mhusika anatoa picha, alama za vidole na fomu yake ya mhusika (5320.23), na nakala yake inakwenda kwa mkuu wa polisi wa eneo lake. Mmoja akikosea, fomu nzima inarudi. Kwa hiyo usijaze shemeji na binamu sita siku ya kwanza. Anza na nyie wawili, wengine mtawaongeza baada ya idhini.

Mkuu wa polisi, kwa wanaoogopa: tangu Julai 2016 anaarifiwa tu, haombwi ruhusa.

Picha iwe ya inchi 2 kwa 2, ya ndani ya mwaka mmoja. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha jimbo. Hapa sisi tunaumia zaidi kuliko wengine, kwa majina matatu na tahajia mbili: Mohamed kwenye leseni, Mohammed kwenye green card. Yasawazishe kwanza, ndipo ujaze.

#12 – FundiHesi

Hapa lazima niseme jambo zito. Mtandaoni kuna "vichujio vya mafuta" na "mitego ya kusafishia bunduki" vya dola 40 vinavyotangazwa kwa maneno ya kukonyeza jicho. Vikiwa na umbo la sailensa, ATF inavihesabu sailensa, na kwa kuwa havijasajiliwa, aliyevipokea kwa posta ana kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 10. Kwa mwenye green card, ongeza na kufukuzwa nchini. Dalili za muuzaji wa namna hiyo ni rahisi: hakuombi fomu, hakuombi alama za vidole, anakutumia moja kwa moja nyumbani bila idhini ya ATF. Hakuna mfanyabiashara halali anayeweza kufanya hivyo.

Na mitutu: hesi yenyewe kwenye mtutu haisajiliwi na serikali kuu, lakini baadhi ya majimbo yanaibana. Jimbo la Washington linaruhusu sailensa, ila sheria yake ya 2023 imeweka bastola ya nusu otomatiki yenye mtutu wa hesi kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku kuuzwa. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kuagiza mtutu.

#13 – NyukiWaMlima

Siku ya kwanza ya kufunga, fuateni hatua hizi, msiruke hata moja:

Bastola tupu, slaidi imefungwa nyuma. Futa hesi za mtutu, ziwe kavu. Toa kofia ya hesi na oringi yake; oringi iliyosahaulika pale inaizuia sailensa isikae kwenye bega la mtutu, na hapo inakaa mshazari. Funga kwa mkono mpaka ikae kwenye bega, bila spana. Ingiza fimbo ya kupimia ya kaliba yako kutoka mbele, kupitia sailensa mpaka ndani ya mtutu. Iangalie kwenye tundu la mbele la sailensa: nafasi iwe sawa pande zote. Ikigusa upande mmoja, hupigi. Tatizo huwa ni hesi za mtutu zilizokatwa nje ya mhimili au adapta isiyo na bega, na adapta za bastola ndogo za .22 kama Walther P22 zinahitaji kukazwa vizuri kwa chombo chake kabla ya sailensa kufungwa juu yake.

Piga moja, kagua. Piga mbili, kagua. Kisha kila magazini, jaribu kuikaza kwa mkono uliovaa glavu, kwani hulegea na inachoma. Ikiwa slaidi hairudi kabisa, angalia grisi ya busta kwanza, risasi dhaifu ya pili, springi ya slaidi ya tatu. Watu wengi wanaanza na springi, wanatumia pesa bure.

Macho ya bastola: mwili wa sailensa una kipenyo cha karibu milimita 35, unafunika macho ya kawaida. Unahitaji macho marefu au kioo cha nukta nyekundu. SilencerCo Osprey ilitatua hilo kwa njia nyingine, tundu lake liko juu na tumbo liko chini, hivyo macho ya kawaida yanaonekana, ila ukiifunga lazima tumbo lielekee chini kabla ya kubana kufuli yake.

#14 – Dada_Minneapolis

Na usafi wa .22? Nimeona watu wanashauri siki na haidrojeni peroksaidi, vinasafisha kwa dakika chache.

#15 – Columbus_Tz

Usifanye hivyo, dada yangu. Siki na peroksaidi vikikutana na madini ya risasi vinatengeneza asetati ya risasi, chumvi yenye sumu inayoyeyuka majini na kupenya hata kwenye ngozi. Kuimwaga kwenye sinki la jikoni ni kuipeleka mahali watoto wanapooshea vyombo. Na kama visahani ni vya alumini, mchanganyiko unaila alumini pia.

Njia salama: kila risasi 250 hadi 500, fungua, panga visahani kwa mfuatano uleule juu ya gazeti (vingi vina namba au mkao maalum). Chuma cha pua na titani vinaweza kuingia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti au kusuguliwa kwa brashi ya nailoni vikiwa vimelowa mafuta. Kulowa ni muhimu, ili usivute vumbi kavu la risasi puani. Alumini: mafuta na brashi laini tu, usitumie sabuni kali za kuondoa grisi. Glavu za mpira, nje ya nyumba, na uchafu wote kwenye chombo kinachopelekwa kituo cha taka hatari cha kaunti. Paka mafuta ya silikoni membamba kwenye visahani kabla ya kurudisha, mara nyingine vitatoka bila kuvipiga.

#16 – Kijana_wa_Tanga

La mwisho. Nikihamia jimbo lingine linaloruhusu, kuna fomu? Na likizo nyumbani je?

#17 – FundiHesi

Kwa sailensa, kuvuka mpaka wa jimbo hakuhitaji ile fomu ya 5320.20, hiyo ni ya rashasha, bunduki zilizofupishwa na vifaa vya milipuko. Ukihama, beba nakala ya Fomu 4 iliyoidhinishwa, moja kwenye simu na moja ya karatasi kwenye mkoba wa sailensa. Ramani iangalie kabla ya kuanza safari: ukitoka Ohio kuelekea magharibi barabara kuu inakupitisha Illinois, na huko hairuhusiwi. Zunguka kwa Kentucky na Tennessee.

Nyumbani, hapana. Kutoa sailensa nje ya Marekani bila leseni ya usafirishaji ya Wizara ya Mambo ya Nje ni kosa la shirikisho, hata ikiwa ndani ya sanduku lililofungwa na hata kama ni yako kihalali. Inabaki kwenye kabati la chuma. Ukienda likizo ya miezi mitatu na umesajili kwa jina binafsi, usimwachie rafiki ufunguo.

#18 – Kijana_wa_Tanga

Nimeelewa. Naenda Jumamosi na mtutu mkononi, kalipa mfukoni, na maswali ya Mama Shabaha yameandikwa. Pistoni ya M13.5 ya kushoto nitaitaka iwe ndani ya chombo kabla sijasaini.

#19 – MamaShabaha

Na nenda na kofia ya hesi ya mtutu huo pia, mwanangu. Muuzaji ajaribu pistoni kwenye mtutu hapohapo kaunta, igeuke mpaka ikae kwenye bega kwa vidole viwili.